Magunia Mawili Yasiyotaka Kuota

Mimi ni mwoga. Naanza na hilo ili msije mkanipa sifa nisizostahili, maana watu wakisikia "mtafiti wa mbegu" wananiona mtu wa kichwa baridi, miwani na koti jeupe. Koti ninalo, kweli, na lina doa la chai kifuani. Kichwa baridi sina. Tangu nikiwa msichana mdogo pale Kamembe, nikicheza chini ya meza ya cherehani ya baba, nilikuwa naogopa radi, naogopa mbwa, naogopa kuitwa ubaoni. Nilipokua nikaongeza kimoja: naogopa siku ya tano.

Siku ya tano ndiyo siku ya kuhesabu kwa mara ya kwanza. Unatandika karatasi inayonyonya maji ndani ya kisahani cha kioo, unapanga juu yake punje mia moja za mpunga, unafunika, unaweka kwenye kabati la joto, unangoja. Visahani vinne, punje mia nne. Siku ya tano unafungua na kuhesabu zilizotoa mzizi. Siku ya kumi na nne unahesabu tena, na hapo ndipo unaandika karatasi. Kazi ni hiyo tu, hata mtoto wa shule anaiweza. Ila nyuma ya kila kisahani kuna watu wamesimama ukingoni mwa shamba, mikono kiunoni, wanangoja uwaambie kama wapande au wasipande, na wao msimu ukiwapita hawana mwingine wa akiba.

Msimu uliotangulia huu ninaousimulia, niliwaambia wakulima fulani wa Bugarama wapande. Mbegu yao iliota vizuri mno maabara, nikasaini kwa furaha. Sikuijaribu ndani ya tope lililofunikwa na maji. Mvua ikapiga siku tatu mfululizo, kitalu kikafunikwa na maji, mbegu ikaoza humo humo. Nilipofika hakuna aliyenifokea. Heri wangenifokea! Mzee mmoja aliinama, akachota tope lenye harufu ya yai bovu, akaliweka kwenye kiganja changu, akasema polepole, kwa jina wanalotuitia wataalamu wa kilimo: "Agronome, soma apa." Nikabaki nimesimama na tope lile mkononi mbele ya watu, nisijue nilitupe wapi. Tangu siku ile, ikifika siku ya tano naenda chooni mara tatu kabla ya kufungua kabati, na hata nikilifungua nafungua nikiwa nimefumba jicho moja.

Basi, hali yangu ilikuwa hiyo nilipokutana na mpunga wa mama mmoja.

Alikuwa mjane wa upande wa Gikundamvura, mama wa makamo, mwembamba, mwenye kucheka kidogo na kusema kidogo zaidi. Alikuwa katika kikundi cha wanawake kumi na wawili waliolima sehemu moja ya bonde la Bugarama. Wenzake walipanda mpunga tuliowagawia sisi wataalamu. Yeye kwenye kipande chake alipanda mmoja wa zamani, mfupi, wenye ganda la rangi ya kahawia, ambao marehemu mume wake alikuwa akiuchagua suke kwa suke miaka na miaka. Mwaka ule mvua ilikuja wakati wa kuvuna, ikakaa. Mpunga wa wenzake ukaanza kuota ungali kwenye masuke. Shamba zima lilichipua kabla halijakatwa, na mpunga ulioota kwenye suke haufai kupandwa, na kuula nako ni shida. Wa yule mama ulikuwa umelowa chapachapa, umelala tope, na haukutoa hata mzizi mmoja.

Wallahi nilitaka kupiga vigelegele. Miaka yote nilikuwa nasoma jinsi mmea unavyojitetea unapopatwa na shida: joto, mafuriko, mvua isiyo na wakati. Nilikuwa nimetafuta mpunga wa namna ile hadi nikakata tamaa, na kumbe uko mwendo wa saa moja na kidogo kutoka mezani kwangu. Nikamuuliza mama alivuna kiasi gani. Akainua vidole viwili. Magunia mawili, na mahali pengine popote haupo. Na kwa kuwa mbegu ya wenzake ilikuwa imeharibika, alikubali magunia yake yawe mbegu ya wote kumi na wawili.

Kulikuwa na sharti moja. Kule bondeni hakuna anayeruhusiwa kupanda mbegu isiyo na karatasi yetu. Ukipanda kwa siri kamati ya maji inakuja kung'oa kitalu chako. Kwa hiyo mambo yote yalisimama juu ya saini yangu. Nikiandika inafaa, magunia mawili yanaingia ardhini. Nikiandika haifai, yanapelekwa mashineni kukobolewa, yanakuwa chakula, na mpunga ule unakwisha duniani.

Nikaenda kwake kuchukua sampuli. Nikaingia jikoni, macho yakawasha kwa moshi, nikatazama juu: magunia yako kwenye uchaga juu ya mafiga, meusi tititi kwa masizi. Nilishtuka kama nimekuta mtoto yuko motoni.

"Maman! Unaipika mbegu! Huku ndiko kuiua!"

"Hapana, Agronome. Iyi haiyakufa. Iko inalala bado. Inapenda moto kidogo. Miezi ikipita mbili inakubali."

"Nani alikuambia?"

"Bwana yangu alikuwa anafanya vile. Na mama yake naye."

"Moshi tuwaachie samaki, Maman," nikasema, na wanawake waliokuwa mlangoni wakacheka. Mama naye akacheka, kwa adabu, kama mtu anavyocheka mgeni wake akisema upuuzi. Akajaribu tena mara moja: "Lakini inalala..." Nikamkatiza. Magunia yakashushwa siku ile ile, nikayapeleka kwenye stoo yetu ya Kamembe, sakafu safi ya saruji, dirisha la wavu, ubaridi mzuri. Nilijiona nimeokoa kitu.

Hapa naomba nijitukane kidogo. Usingizi wa mbegu ni jambo ninalolijua. Nalifundisha! Mpunga mbichi, uliovunwa juzi, unaweza kuwa hai kabisa na ukakataa kuota hata ukiupa maji, joto na kila kitu, na dawa yake ni joto kavu la wiki kadhaa. Liko kwenye kitabu changu, nimelipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Lakini kwenye kitabu halikuwa na masizi, wala halikusemwa na mama mwenye kanga iliyochanika begani, kwa hiyo liliponijia mlangoni sikulitambua. Na hata hili sikuliunganisha, Mungu anisamehe: mpunga uliokataa kuota kwenye mvua ndio uo huo utakaokataa kuota kwenye kisahani changu.

Nikapanga punje mia nne. Katika bahasha zikabaki ishirini za akiba.

Siku ya tano nikaenda chooni mara nne. Nikafungua kabati. Kisahani cha kwanza: hakuna kitu. Cha pili: punje moja. Cha tatu: mbili. Cha nne: hakuna. Nikazitazama kwa lenzi, moja moja, nikitafuta hata ncha ya mzizi, na maganda yalikuwa yamefunga kimya, yamelowa, yamekataa. Tatu katika mia nne. Nikasema: basi, mama aliipika.

Sheria inasema ungoje mpaka siku ya kumi na nne. Kuna pia dawa ya unga tunayoloweka nayo kiini cha mbegu: kikiwa hai kinageuka chekundu. Dawa ilikuwa imekwisha na mpya ilikuwa haijafika. Ningeweza kungoja. Ningeweza angalau kusema "sijui bado." Lakini mchana ule mwenyekiti wa kikundi akapiga simu. Alikuwa mwanamume pekee pale, shemeji wa mmoja wao, waliyemchagua kwa sababu anajua kuandika barua za kukaripia.

"Agronome, zamu yetu ya maji inafunguliwa wiki kesho. Kuna mbegu ingine inaweza kuja na lori, lakini banataka jibu leo. Tuseme namna gani? Ile ya maman inafaa ao haifai?"

Nikaliona lile tope mkononi. Nikaisikia harufu yake kabisa, ya yai bovu, mle mle ofisini. Nikawaona wanawake kumi na wawili kando ya kitalu kilichooza na mimi katikati yao. Sikufikiri kitu kingine. Mtu aliyeungua mara moja anavuta mkono hata kwenye sufuria iliyopoa, na mimi nikauvuta.

"Haifai," nikasema.

Nikaandika karatasi, nikapiga muhuri, nikaipiga picha na kuituma. Na sasa niseme ukweli ambao naona haya kuusema: nilifarijika. Kwa mara ya kwanza katika miezi mingi nilikula chakula cha mchana nikamaliza. Hakuna atakayeniwekea tope mkononi kwa mbegu ambayo haikupandwa. Visahani vyote vinne nikavichemsha, mbegu na yote, kama tunavyofanya jaribio likiisha. Gari la ofisi likayarudisha magunia bondeni.

Lakini mwoga hatulii. Kesho yake asubuhi nikaanza kujiuliza: je, kama sikutazama vizuri? Nikataka ushahidi wa kunituliza, ushahidi kwamba ndani zimeoza. Nikatoa zile punje ishirini za akiba, nikazivua maganda kwa ukucha, taratibu, moja moja. Ndani hazikuwa zimeoza. Zilikuwa safi, ngumu, zinang'aa. Nikaziweka kwenye karatasi yenye maji, nikafunga kabati, nikajiambia kwamba usafi si uhai.

Siku ya tatu baada ya hapo, saa mbili asubuhi, nikafungua.

Zilikuwa zimeota. Si moja, si mbili. Ishirini zote. Vijizizi vyeupe vimetokeza, vimejikunja kidogo, vinatafuta maji. Maishani mwangu nimeona mbegu zikiota mara maelfu na kila mara nafurahi, lakini siku ile nilirudi nyuma nikagonga meza. Ganda tu. Ganda ndilo lililokuwa linazifungia, na mimi nilikuwa nimezitangazia kifo. "Yebabawe, ole wangu," nikasema peke yangu, "ni siku ya soko." Siku ya soko ndiyo siku ya kukoboa.

Nikampigia mwenyekiti. Simu inaita, haipokelewi. Nikapiga tena. Nikajua yuko wapi: karibu na mashine ya kukobolea mpunga husikii hata ukiitwa jina lako sikioni. Nikatia kile kisahani chenye vichipukizi ndani ya koti, kifuani, maana mwenyekiti hataamini maneno matupu baada ya kuona muhuri. Nikatoka mbio nikamkamata motari wa kwanza, kijana wa pikipiki.

"Bugarama. Kwenye mashine ya mpunga. Haraka!"

Barabara ile inateremka na kuteremka, kona juu ya kona, na kila kona joto linaongezeka mpaka unahisi umeingia kwenye chungu. Mimi ninayeogopa pikipiki hata ikiwa imezimwa nilikuwa napiga kelele "ongeza mwendo!" Mkono mmoja umeshika kisahani, mmoja umeshika mbavu za yule kijana. Nilikuwa nahesabu: mashine inakoboa gunia moja kwa muda gani? Foleni ina watu wangapi siku ya soko? Nikaomba foleni iwe ndefu. Nikaomba umeme ukatike. Nikaomba mkanda wa mashine ukatike, na Mungu anisamehe, nikaomba mwenye mashine augue.

"Maman, uko unalia ao ni upepo?" motari akauliza.

"Endesha!"

"Naendesha, lakini usinifinye ivi. Niko na bibi na batoto."

Kwenye njia panda ya Nyakabuye gari la abiria lilikuwa limezuia barabara, wanapakia kuku na magodoro, na hakuna mwenye haraka. Nikashuka, nikawaambia watu wazima maneno ambayo baba yangu angenipiga kwa kuyasema. Wakasogea. Tukapita. Nikapiga simu tena, ikaita, ikaita.

Mashine niliisikia kabla sijaiona. Umeme, basi, haukuwa umekatika. Nikashuka kabla pikipiki haijasimama. Vumbi la pumba lilikuwa limejaa mlangoni, kope za watu zimekuwa nyeupe. Wanawake wa kikundi walikuwa wamekaa chini ukutani, kumi na wawili wote, na yule mama katikati, miguu kanyoosha. Mbele yao magunia mawili. Hayakuwa yale meusi. Yalikuwa mapya, yamefungwa vizuri na kamba ya plastiki.

Nikapiga magoti nikafungua moja. Mchele. Mweupe, umevunjika vunjika. Nikatia mkono ndani hadi kiwiko. Ulikuwa bado na joto, kwa maana unatoka mashineni na joto. Nikafungua la pili. Nalo.

"Kuna nini, Agronome?" mwenyekiti akauliza. Aliniona sura akaacha kutabasamu.

Nikatoa kisahani kifuani. Sikuwa na hotuba. Nikasema: "Ilikuwa hai. Nilikosea. Ilikuwa inalala tu."

"Lakini karatasi ilisema haifai."

"Ndiyo."

"Ulisaini weye mwenyewe?"

"Ni mimi."

Yule mama akanyoosha mkono, akakipokea kisahani, akakileta karibu na macho. Akazitazama zile punje zilizoota, moja moja. Nikamuuliza, na hata sasa sijui nilikuwa nataka anijibu nini: "Maman, kwa nini ulikubali? Si ulijua?"

"Nilisema mara mbili," akanijibu. "Weye uko na muhuri. Mimi niko na nini?"

Kisha akainuka, akajikung'uta pumba, akaingia kwa mwenye mashine akatoka na nyungo mbili. Hakueleza, lakini kila mwanamke pale alielewa, nami nikaelewa baada yao. Mashine zetu hizi ni za zamani, hazikoboi zote. Katika kila ungo wa mchele utaona punje moja moja zilizopita na ganda lake, zile tunazozitoa kabla ya kupika na kuwatupia kuku. Wakamwaga mchele, wakakaa wawili wawili, wakaanza kuchagua. Mwingine akaenda kuazima nyungo sokoni. Nikakaa nao. Hakuna aliyenikaribisha, hakuna aliyenifukuza.

Tulichagua kutoka saa nne hadi alasiri. Nyingi zilikuwa zimepasuka. Unaiona moja, unafurahi, unaigeuza, kumbe ncha imekatika, na kwenye ncha ndiko kiini kiliko. Kila niliyoishika niliiogopa kabla ya kuigeuza. Nikaangusha moja kwenye vumbi, na mama aliyekuwa pembeni yangu akaitafuta hadi akaipata bila kunitazama. Kwenye nyungo hakuna aliyeimba. Kwa kawaida wanawake wakichagua mchele huwa hawanyamazi.

Mwishowe zilikuwa kikombe kimoja cha chai, na hakikujaa, kutoka magunia mawili. Mama akazimimina kwenye pindo la kitenge chake, akafunga fundo, akafunga tena juu yake.

Nikajua la kufanya, au nilidhani najua. Kikombe kimoja, nyumba moja, panya mmoja tu na imekwisha. Zigawanywe. Nusu kwake, kidogo kwangu, kwenye chupa, kwenye kabati lenye kufuli, nizilinde kama roho yangu. Kwa mara ya kwanza siku ile nilikuwa nasema kitu sahihi kabisa, na mtafiti yeyote angeniunga mkono. Nikanyoosha mkono.

"Maman, nipe punje ishirini tu. Kwa usalama. Safari hii nitangoja hata mwaka."

Akarudi nyuma hatua moja. Fundo akalihamishia mkono wa pili, upande wa mbali na mimi.

"Hapana, Agronome. Unisamehe."

"Kumi, basi."

"Unisamehe." Sauti ilikuwa ndogo, ya heshima, kama anaongea na askari barabarani. Kisahani chenye vichipukizi kilikuwa bado kwapani mwake. Alikuwa ameshakichukua, nacho hakukirudisha.

Nikamtazama usoni nikitafuta hasira. Hasira nilikuwa nimejiandaa nayo njia nzima, tangu Kamembe. Haikuwapo. Kulikuwa na kile kitu ninachokijua mimi kuliko mtu yeyote, macho yasiyotulia, kope zinazopepesa, mdomo uliokauka. Alikuwa ananiogopa.